Coastal Union iliyoifunga Milan

Gemu ya mpira niliyoicheza kuliko zote maishani mwangu haikuwa na Liverpool. Ilikuwa na timu inaitwa Merseyside Red. Chelsea ilikuwa London FC, Newcastle ilikuwa Tyneside, na ligi ya Ujerumani haikuwepo kabisa, utadhani Wajerumani hawajawahi kuuona mpira. Hiyo ni Pro Evolution Soccer 6 ya Konami, ya mwaka 2006. Sisi pale kwenye banda la gemu, Ngamiani, Tanga, tuliiita Winning tu, kwa sababu diski za kukopiwa zilizoitangulia zilikuwa za Kijapani zenye jina la Winning Eleven, na jina likishakaa mdomoni halitoki.

Tuseme ukweli, ile ni gemu yenye mapengo. Chanzo kilikuwa mikataba: EA, wenye gemu ya FIFA, walikuwa wameishikilia Ligi Kuu ya Uingereza, Konami wakaambulia Arsenal na Manchester United. Waliobaki wakabatizwa majina ya mitaa. Ukimpa mtu gemu hiyo leo, halafu umwambie aipe maksi kama mwalimu anayesahihisha mtihani, ataikata kila mahali. Na mimi nasema bado ni bora kuliko karibu gemu zote za mpira zilizokuja baada yake, na sehemu kubwa ya ubora huo imo humo humo kwenye mapengo.

Mwenye banda tulimwita Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale, ila alikuwa na umri wa kuitwa hivyo na sauti ya kutufukuzia. Alikuwa na PS2 (PlayStation 2) mbili, moja imelazwa kifudifudi kwa sababu lenzi yake ilishachoka, haisomi diski mpaka uigeuze. Mechi shilingi 200. Aliyefungwa anaachia padi. Umeme ukikatika kabla ya dakika ya 80 mechi inarudiwa, ukikatika baada ya hapo matokeo yanabaki kama yalivyo. Hayo yote yaliandikwa kwenye kipande cha boksi kilichopigiliwa ukutani, na niliwahi kumwona mtu anaongoza 1-0 dakika ya 78 akiomba dua Tanesco wamvumilie dakika mbili tu.

Asubuhi, kabla wateja hawajaja, Mjomba alikaa peke yake kwenye sehemu ya kuhariri timu akiandika majina. Hakuna kibodi. Unausogeza mshale mpaka kwenye L, unabonyeza X, unarudi mpaka kwenye I, unabonyeza X, hivyo hivyo. Liverpool ni herufi tisa. Hapo bado wachezaji. Ilimchukua wiki na ushee kuirudisha Uingereza mahali pake, yote ikaingia kwenye memori kadi ya megabaiti 8 ambayo jioni aliondoka nayo mfukoni kama funguo ya nyumba.

Halafu akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alichukua klabu moja ya mkiani, akaivua jina, akaivalisha nyekundu na nyeupe, akaiita Coastal Union.

Kwa asiye wa Tanga: hao ndio Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, na kufikia enzi zetu ubingwa huo ulikuwa umebaki kuwa hadithi ya wazee barazani. Mjomba hakuwaandika wachezaji wa kweli. Alituandika sisi wateja. Ukilipa bila usumbufu, unapata jezi. Mimi nilipewa namba 14, benchi, kasi 61. Nilinuna wiki nzima. Golini alisimama dogo mmoja wa barabara ya 9 ambaye tangu azaliwe hajawahi kudaka hata embe. Straika, namba 9, alikuwa mtu tusiyemjua, ameandikwa H.S. tu, mguu wa kushoto, nguvu ya shuti 99. Tulidhani ni mchezaji wa zamani wa Coastal, mmoja wa wale wa 1988, na hatukuuliza. Siku Coastal ilipoifunga AC Milan 2-1, mabao yote ya H.S., banda lilipiga kelele mpaka mama wa jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Sasa niambie, FIFA yenye leseni zote duniani ingetupatia wapi hiyo? Kwenye FIFA kila kitu kilishapangwa mezani: nembo, jezi, viwanja. Unakula, unaondoka. Winning ilikuletea sufuria na unga, mboga ukatafute mwenyewe.

Na ile 99 ya H.S. haikutoka hewani. Mjomba aliinakili kwa Adriano, Mbrazil wa Inter, na Adriano wa gemu ile hakuwa mchezaji, alikuwa mzinga. Unavuka nusu ya uwanja, unaupindisha mpira uje kushoto, unajaza kipimo cha shuti, basi, kipa anakwenda kuuokota wavuni. Gemu iliyopimwa vizuri isingemruhusu mtu wa namna ile. Kwetu alizaa sheria: ukichukua Inter, Adriano anakaa benchi mpaka dakika ya 60. Ikazuka hoja, je, mtu akichukua Brazil? Kesi ile ilikula alasiri nzima, hukumu ikatoka kwamba Brazil ni taifa, haifungwi na sheria za klabu. Aliyehukumu alikuwa shabiki wa Brazil.

Kwenye ile PS2 nyingine, ya kifudifudi, ilikaa GTA: San Andreas ya mwaka 2004. Hii nayo sitaitetea kama wakili wa kulipwa. Kuna misheni za yule jamaa Zero za ndege ndogo za rimoti, unaipeleka, mafuta yanaisha, inaanguka, unaanza upya, na sisi hatukujua hata kwamba si za lazima. Hizo siwezi kuzisamehe. Ni ubovu usiozaa chochote. Ya treni ina utata zaidi. CJ, yule unayemchezesha, anaendesha pikipiki, rafiki yake Big Smoke kakaa nyuma na bunduki, maadui wako juu ya mabehewa. Akili ya kawaida inakwambia usogee karibu. Ukisogea, Smoke anapiga bati la behewa. Kumbe unatakiwa ukae pembeni, mbali kidogo, ndipo anawaona. Gemu haikwambii, na ukishindwa Smoke anakulaumu wewe. Bandani lawama ile ilikaririwa na watoto ambao Kiingereza kingine walichokijua ni "good morning teacher".

Lakini kasoro niliyokuja kuielewa ukubwani ni ukungu. PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, pungufu ya video mnazorushiana kwenye magrupu. Haikuwa na uwezo wa kuchora nchi nzima kwa mpigo, kwa hiyo watengenezaji walifunika mbali kwa utusitusi: Los Santos ina vumbi la rangi ya chungwa, mashambani kuna ukungu wa asubuhi hata saa tisa alasiri. Unatoka mjini na pikipiki, unapita vijiji, unakunja kona, unapotea, na mji wa San Fierro hauonekani mpaka daraja lake lichomoze mbele yako. Sisi tuliamini nchi ile haina mwisho. Tuliamini pia, kwa dhati kabisa, kwamba kuna jitu la manyoya linaishi kwenye misitu karibu na Mlima Chiliad. Kuna jamaa alilipa saa nzima kulitafuta. Hakulipata, akarudi akasema kaona kivuli.

Halafu ukaja mwaka 2021, na gemu zote mbili zikarudi zikiwa zimeoshwa.

Tarehe 30 Septemba, Konami wakalizika jina la Pro Evolution na kuleta eFootball 2022, ya bure. Wiki sita baadaye, tarehe 11 Novemba, Rockstar, wenye GTA, wakaleta San Andreas mpya ndani ya mkusanyiko wa GTA tatu, iliyofanyiwa kazi na studio inayoitwa Grove Street Games. Sikumbuki msimu mwingine ambao utoto wangu ulichezewa kiasi kile. eFootball ilitoka na timu 9 tu za kuchezea, sura za wachezaji kama sanamu za nta zilizoachwa juani, na ikawekwa chini kabisa kwa kura za wachezaji kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Konami wakaomba radhi. Rockstar nao, kabla Novemba haijaisha, wakaomba radhi.

Watu waliandika orodha ndefu za makosa, mimi yananikera mawili tu.

La kwanza ni eFootball kutoka bila ile sehemu ya kuhariri. Timu 9, na hukuwa na pa kushika padi ukaandika jina. Merseyside Red ilikuwa jina la uongo lenye mlango nyuma yake. Hapa wametoa uongo, wakajenga ukuta.

La pili ni ukungu. San Andreas mpya ilitoka bila ule utusitusi, maana mashine za leo zinaweza kuchora mpaka mwisho. Ukapanda juu ya Mlima Chiliad, ukageuza macho, unaona miji yote mitatu imekaa kama sahani mezani. Nchi isiyo na mwisho ikawa kama kuvuka kutoka Ngamiani kwenda Raskazone, humo humo Tanga. Aliyeuondoa ukungu nadhani aliamini anatusaidia.

Na kuna kijambo kimoja nakipenda kwa uchungu. Kwenye gemu ya zamani kuna duka la donati linaitwa Tuff Nut, na pale juu badala ya donati limewekwa tangazo la nati, nati ya bolti, ya pembe sita, lenye tundu katikati. Ni mzaha. Kwenye toleo jipya picha zilisafishwa kwa programu ya kompyuta, nayo ilipoona pembe ikadhani ni ukosefu wa uwezo wa PS2, ikazilainisha zote. Nati ikawa pete ya mviringo. Baadaye waliirekebisha, lakini mimi ile pete sijaisahau. Mtu angeiangalia dakika moja angecheka na kuiacha ilivyo.

Nilishaambiwa mara nyingi kwamba haya yote ni utoto, kwamba sikupenda gemu, nilipenda kuwa na miaka 13 na shilingi 200. Hoja hiyo ina uzito, siikwepi. Ndiyo maana mwaka jana niliziweka zote mbili kwenye laptopu kwa emuleta, programu inayoiga PS2, nikacheza peke yangu usiku, bila banda, bila kelele, bila mtu wa kumwachia padi. San Andreas ilinichosha baada ya siku nne. Mazungumzo ni marefu kuliko nilivyokumbuka, na kulenga bunduki ni mateso. Nakiri. Ila Winning bado ni gemu. Mpira una uzito wake, haugandi mguuni. Ukipiga pasi ya haraka huku mchezaji amekaa vibaya, inatoka vibaya, na unajua kosa ni lako. Makipa bado wanautema mpira miguuni mwa straika. Bado nilitukana, saa saba usiku, mke wangu akagonga ukuta.

Na Liverpool bado ni Merseyside Red. Kuna mafaili ya mashabiki ambayo ukiyapakua yanarekebisha kila jina na kila jezi ndani ya dakika mbili. Niliyapata, nikayaangalia, nikayafunga. Nikaanza kuandika mwenyewe kwa mshale, herufi moja moja, Coastal kwanza. Dogo wa barabara ya 9 golini. Mimi namba 14. Kasi nikajiongezea mpaka 74, nani ataniuliza? Nilipofika namba 9 nikakwama, nikampigia simu Mjomba, ambaye banda alishalifunga zamani, siku hizi anauza vifaa vya umeme.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mjomba, yule H.S. wa Coastal, straika, nataka kumwandika jina kamili. Alicheza miaka gani?"

Kimya. Nikasikia mteja anauliza bei ya balbu, naye anajibu. Kisha akarudi kwenye simu.

"Miaka yote hiyo umekaa kwenye benchi langu," akasema, "hukuwahi hata siku moja kuuliza naitwa nani?"