Geji Mbili, Washauri Kumi

Mimi nina gari moja, na gari hilo lilikuja na geji mbili. Naanzia hapo makusudi, maana kwa kelele ninazopigiwa mtu angedhani nimerithi ndege.

Ni Land Rover 109, pikapu, ya 1964. Marehemu baba aliipata mnadani, ikabeba kahawa, mbolea, maharusi, majeneza, na siku moja ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa. Mwaka 2022 ikaja kwangu, pamoja na deni la betri. Nilipokabidhiwa ufunguo sikujua kwamba nakabidhiwa kamati pia. Kila anayepanda ana la kusema kuhusu dashibodi, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kusukuma.

Kwa asiyeijua, dashibodi yenyewe ni bati tupu. Hakuna plastiki, hakuna mbao, hakuna cha kupapasa. Katikati kuna mita ya spidi, na pembeni yake duara lingine lenye geji ya mafuta na mshale wa chaji ya betri. Basi, habari imeisha. Geji ya joto la injini haikuwepo, joto nililijua kwa pua. Kuna rafu ya bati ambayo mpaka leo ina spana ya nusu inchi aliyoiacha baba. Na AC ipo, msije mkasema nanyanyaswa: vidirisha viwili chini ya kioo cha mbele. Ukivifungua unapata upepo, vumbi, na mara mojamoja panzi.

Sasa hizo geji kukaa katikati, mbali na dereva, Waingereza walikusudia. Wakitaka gari la usukani wa kulia au wa kushoto, wanahamisha usukani na dashibodi inabaki pale pale. Akili nzuri sana ya kiwandani. Ila aliyeibuni nadhani hakuwa na mama mkwe. Mbele tunakaa watatu, na anayekaa katikati ndiye anayetazamana na geji uso kwa uso. Mama mkwe akishakaa pale, kutoka Usa River mpaka Arusha mjini ni taarifa ya habari bila matangazo:

"Baba Neema, mafuta yameshuka."

"Naona, mama."

"Huoni, ninayeona ni mimi. Na huu mshale mbona unatetemeka?"

"Ndivyo ulivyo, mama."

"Hapa imeandika thelathini, na toyo ya mkaa imetupita."

Jirani yangu ana Land Rover Series III, zile zilizoanza kutoka 1971, ambazo geji wameziweka mbele ya dereva. Ananitazama kama mtu aliyejenga choo cha ndani anavyomtazama wa nje.

Kilichoniponza zaidi ni maili. Mita yangu inasoma maili, kwa hiyo 30 yake ni kilomita 48 na 50 yake ni 80. Nalijua hilo. Nimelijua tangu utoto. Lakini siku ile nilikuwa nateremka huku nabishana na mama mkwe kuhusu toyo, nikaona kibao cha 50, nikaweka mshale kwenye 50 kwa moyo mweupe kabisa. Mbele nikapungiwa mkono.

"Mzee, tochi imekusoma 78."

"Afande, mita yangu ni ya Kiingereza."

Akachungulia dirishani, akaangalia mita, akamwita mwenzake aje kuona. Wakapiga na picha. Walifurahi kweli. Kisha nikaandikiwa faini ya shilingi 30,000, hiyo kwa Kiswahili.

Jioni hiyo ndipo kikao kikaanza. Kijana wangu wa kidato cha nne alikuwa na hoja tayari, kana kwamba alikuwa anasubiri tu niadhibiwe. "Baba, tuweke skrini ya inchi saba, ya Android. Inasoma spidi kwa kilomita, ina ramani, ina Bluetooth, ina kamera ya nyuma." Kamera ya nyuma! Kule nyuma kuna nini cha kutazama zaidi ya moshi?

Mama Neema yeye alitaka mahali pa kuchajia simu na mahali pa kutundika mkoba. Hilo la mkoba nilimuunga mkono kwa mikono miwili. Karibu na gia kuna kirungu cha njano, ukikibonyeza magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Yeye alikuwa akikitumia kama msumari wa ukutani. Wiki ileile alikuwa ameutundika mkoba pale, na sijui ndani alibeba mawe ya mafiga, kirungu kikazama. Kwenye lami! Usukani ukawa mzito kama nageuza meli. Na kirungu kile hakitoki kwa kukivuta, lazima usimame, uvute kile chekundu kurudi nyuma, ndipo cha njano kiruke. Nilifanya hivyo katikati ya barabara huku daladala nne zikinitaja wazazi wangu.

Halafu kuna Baba Mdogo. Yeye ni wa orijino. Hata skrubu niliyobadilisha aliiulizia. "Ukikata bati hilo," akasema, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mkono unaotetemeka, "umemkata kaka yangu." Mnaona nilivyobanwa. Na mzee huyu mwenyewe anaendesha gari la Kijapani lisilo na klachi, linalomsalimia akifungua mlango. Orijino anaipenda sana, mradi iwe nyumbani kwa mtu mwingine.

Nami msimamo wangu? Nilikuwa nataka kusikia redio tu. Taarifa ya saa mbili usiku, basi. Lakini ukitaja redio mbele ya kijana unarudi na skrini.

Fundi akaja Jumamosi na grinda. Akazunguka gari mara moja, akasema, "Mzee, hii dakika ishirini." Ningejua, maana fundi akisema siku mbili atafanya kazi, akisema dakika ishirini andaa sanda. Nikaenda kibandani kunywa chai. Chapati ya kwanza haijaisha nikasikia mlio wa grinda, nikarudi mbio, nikakuta chini ya geji kuna tundu la ukubwa wa dirisha la choo. Na niwaambie kitu kinachouma: bodi ya Land Rover sehemu kubwa ni aluminiamu, haili kutu. Ule ukuta unaobeba dashibodi ndio chuma. Yaani gari zima lina mabati ya kuchezea, yeye akaenda kufungua mlango kwa kutu.

Haya, akaunganisha. Waya mwekundu huku, mweusi kwenye bodi, kama anavyofanya kila siku kwenye magari ya watu. Shida ni kwamba gari langu si la watu. Land Rover za kabla ya 1967 kwenye bodi wamefunga chanya ya betri, si hasi. Bodi nzima ni chanya. Hata mimi nikiegemea mlango nahisi kuwa na matumaini. Sasa ile skrini ikapata umeme kinyume: chanya kwenye waya mweusi, hasi kwenye mwekundu.

Skrini haikuwaka. Kilichowaka ni waya.

Kijana akakimbilia maji, mimi nikakimbilia betri, fundi akakimbilia nje ya geti. Moshi ulipotulia akarudi polepole akiwa amekunja uso, akaniambia, "Mzee, gari lako limefungwa kinyume." Nikamwambia limefungwa kinyume tangu 1964 na limefika hapa, wewe umefungwa vizuri na umefika getini. Ila hela ya ufundi alichukua. Alisema tundu ni kazi, na tundu lipo.

Baba Mdogo alipoliona hakunena. Alivua kofia. Wiki mbili hakupokea simu yangu, na alipokuja kupokea alianza kwa kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" nikadhani anamuulizia mama mkwe.

Basi nikatafuta fundi mwingine, mzee wa makamo yangu, asiye na grinda. Huyo akanipa suluhisho ambalo kama ningelipata mapema ningekuwa bado na hela. Akaning'iniza geji ndogo ya joto chini ya rafu kwa kipande cha chuma na skrubu mbili kwenye matundu yaliyokuwepo. Hakukata kitu, siku ukichoka unafungua unatupa. Kijana akabandika plasta chini ya mita na kuandika kwa kalamu: 30 = 48, 50 = 80 = FAINI. Mama Neema akapata ndoano ya mkoba mlangoni. Redio ni ya betri, ile ndogo, inakaa rafuni pamoja na spana ya baba. Inashika vizuri tukiwa tumesimama.

Likabaki tundu. Fundi akasema tunahitaji kibati cha kuziba, kikubwa kidogo kuliko kiganja. Nikaingia jikoni. Nilichukua sinia moja tu, lile la bati lenye ua jekundu katikati, ambalo pembeni lilishaanza kubanduka rangi. Tukakata, tukafunga skrubu nne, likaenea kama limezaliwa pale. Mama Neema alipogundua akasimama mlangoni mwa gari, akalitazama lile ua, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Sinia langu nalo lilikuwa orijino." Chakula cha usiku huo nilijipakulia.

Oktoba 2024 likaja lile tamasha la Land Rover hapa Arusha. Magari yalikuja mamia kwa mamia, mengine yanang'aa hadi unaona aibu kuegesha kando. Twende, twende, tukaenda wote, na Baba Mdogo akiwa na koti la suti. Akaja mgeni mmoja, mzungu wa makamo, mwenye kamera shingoni. Akazunguka gari langu, akatikisa kichwa kwa heshima, akaingiza shingo dirishani. Hapo akanyamaza. Akapiga picha ya ua. Akapiga nyingine kwa karibu. Akamuuliza kijana wangu kwa Kiingereza kama hiki kibati kilitoka nacho kiwandani.

Kijana akanigeukia. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa makobazi. Baba Mdogo akakohoa, akaweka vizuri koti.

"Mwambie," akasema, "hili ni toleo la Arusha. Yalitoka machache sana."

Kutoka nyuma ya pikapu, Mama Neema akaitikia bila kuinua macho kwenye hotipoti la pilau:

"Lilitoka moja tu. Na seti ilikuwa ya sita."