Kushawishi si kurubuni

Huu ni mwaka wangu wa tisa Ulaya. Wenzangu wengi husema watu wa huku hawana hila, kwamba ghiliba tumeziacha nyumbani. Mimi sikubali.

Huku hila imehamia kwenye skrini. Unatafuta chumba cha hoteli, maandishi mekundu yanakwambia kimebaki kimoja. Kama kweli ni kimoja, umearifiwa, tena vizuri. Kama si kweli, umerubuniwa, kwa maneno yale yale. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2005 inamkataza muuzaji kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana tu, ili mnunuzi aamue papo hapo. Na vitu vingi ukivinunua kwa intaneti, una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Naziheshimu sheria hizi, maana zimelenga penyewe: mlaghai hukunyima muda.

Nyumbani kinga ni nyingine. Anayekushawishi unamjua, kwao unakujua, kesho mtaonana.

Sasa sisi tulio mbali, ujumbe wa sauti ukiingia usiku, hatuna kinga hii wala ile. Mdogo wangu aliniambia, "Kaka, mama hali mbaya, tuma leo leo." Nilikopa, nikatuma. Mama alikuwa mzima. Pesa zililipa ada ya mtoto. Ada! Angesema ada ningetoa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko deni lenyewe. Shida yake ilikuwa ya kweli, ila hakuniamini kiasi cha kuniachia niamue.

Wapo wanaodhani kosa ni kugusa moyo wa mtu. Hapana. Mjomba alinitoa machozi aliponisimulia nyumba ya bibi inavyovuja. Akatuma picha, akataja gharama, akamaliza: "Usipoweza, mjomba, niambie tu, nijaribu kwingine." Nililia, lakini hakunificha kitu, na kukataa kulikuwa mikononi mwangu.

Mdogo wangu nilimpigia, nikamwambia nimejua. Alinyamaza kitambo, akasema, "Niliogopa utakataa." Nikamjibu kwamba kukataa ni haki yangu, kama kuomba kulivyo haki yake. Muhula uliofuata aliandika kiasi cha ada na siku ya mwisho ya kulipa. Nilituma nusu, ndiyo niliyokuwa nayo.