Hesabuni Kwanza Miti Tuliyo Nayo

Kila mvua za masika zikikaribia, wakubwa hutoka na majembe mapya. Mche mmoja hushikwa na mikono ya watu sita, picha hupigwa, hotuba hutaja mabilioni. Sina ugomvi na kupanda. Ugomvi wangu ni huu: mti ukishapandwa kando ya barabara, unatoka katika vitabu vya serikali. Nguzo ya stima ina nambari. Kioski cha mama mboga kina leseni. Mwarobaini uliosimama hapo miaka thelathini hauna chochote, na siku ukikatwa hakuna anayejua ni nini kilichopungua.

Tunapenda hesabu kubwa. Desemba 2022 Rais Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya nzima ilipewa siku ya mapumziko ili ipande miti, na Mei 10, 2024 tukapewa nyingine. Katiba, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya ardhi iwe na miti. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ikasema tumefika 12.13. Vizuri. Lakini humo mna Msitu wa Kakamega na Mau na mashamba ya watu, na asilimia hizo hazimfuniki mtu anayetembea Oginga Odinga Street, Kisumu, saa nane mchana mwezi wa pili.

Hapa Kisumu kivuli ni mali. Jua la kando ya ziwa halina mzaha, na kabla ya saa tano asubuhi mji huwa umeshajipanga upya kwa kufuata miti. Stage ya boda boda iko chini ya mti. Fundi viatu, muuza magazeti, wa njugu, dada wa kusuka nywele, wote wameubana mti mmoja. Ukikatwa, hawafi njaa siku hiyo. Wanahama, wananunua mwavuli, wanasogea kwenye baraza ya duka la mtu hadi wafukuzwe. Hasara yao haiingii katika ripoti yoyote, ndiyo maana anayechora barabara mpya huuona mti kama kizuizi tu, wakati ulikuwa unafanya kazi ambayo hakuna paa la mabati litakaloifanya vizuri hivyo.

Ukitaka kuelewa kwa nini hakuna anayejibu, tazama kile kipande cha ardhi ambapo mti umesimama. Barabara kuu inayopita mjini ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Nyingine ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Zilizobaki ni za kaunti. Juu ya mti kuna nyaya za Kenya Power, chini kuna mabomba ya KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ubavuni kuna mtaro, na siku hizi wa intaneti naye anakuja na sululu kuzika nyaya zake. Kila mmoja ana sababu yake ya kuchimba au kukata. Uliza ni nani kazi yake ni kuuacha mti ukue, uone vidole vinavyoelekezana.

Sheria haijanyamaza, tuseme ukweli. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara zake, taa za barabarani, bustani za umma na utekelezaji wa sera za misitu. Sheria ya misitu ya 2016 inazitaka ziwe na maeneo ya kijani, na ziwabane wajenzi wa mitaa ya nyumba watenge angalau asilimia 5 ya ardhi kwa ajili hiyo. Mti mmoja mmoja wa kando ya njia ndio unaopotea katikati ya maneno haya mazuri.

Mnaukumbuka mugumo wa Waiyaki Way, kule Westlands? Novemba 2020, Nairobi Expressway ikijengwa, mti wa zaidi ya miaka mia moja ulikaribia kung'olewa. Watu walipiga kelele, ukaokolewa kwa tamko la Rais wa wakati huo. Tulishangilia. Lakini hebu fikiria: nchi ina kaunti 47, na ili mti mmoja ubaki ilibidi jambo lifike juu kabisa. Hapakuwa na meza ya chini ambapo mwenye msumeno angeulizwa, "Umetafuta njia nyingine? Utapanda nini badala yake, na wapi?" Mti wa siala ulio mbele ya zahanati ya mtaa wako hautatolewa tamko na Rais yeyote.

Halafu kuna huku kukatwa vichwa. Vijana waliopewa kazi ya kusafisha njia ya nyaya hufika, wanaukata mti katikati, wanaondoka. Mti haufi. Unachipua vijiti vingi kwa pupa, vimeshikilia karibu na ganda tu, na baada ya miaka michache ndivyo vinavyoangukia matatu wakati wa dhoruba. Dhoruba za jioni za eneo la ziwa tunazijua. Ndipo tunasema mti huu ni hatari, ung'olewe, kumbe hatari tuliitengeneza wenyewe. Mti ulio chini ya waya hupogolewa ukiwa mchanga, tawi moja moja, ukielekezwa ubavuni. Au afadhali pale usipandwe mti mrefu tangu mwanzo.

Sisemi miti isikatwe. Uliooza ndani, ambao ukiugonga kwa nyundo unalia kama mtungi mtupu, uondolewe kabla haujaua mtu. Na wanaolalamika kwamba matawi yameziba taa za mulika mwizi wana haki. Mama anayeshuka matatu saa mbili usiku hana haja ya mashairi kuhusu jakaranda. Ila kinachoziba taa ni tawi, si mti mzima. Wapo pia wale wanaomwaga oili chafu kwenye shina kwa sababu mti umeficha bango la duka. Mti ukiwa na nambari, angalau kuna cha kuandika katika kesi yao.

Kuhusu aina ya miti nina ubishi wangu. Ashoka, ule unaosimama wima umebana matawi, umejaa kwenye malango ya hoteli na ofisi. Unapendeza kwenye picha, kivuli hauna. Terminalia ya Madagaska ina kivuli kizuri cha ngazi ngazi na hukua haraka, ndiyo maana inapendwa, na ndiyo maana itatuponza tukiipanda peke yake. Magharibi ya Kenya hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 1990 vidukari viliingia nchini na kukausha nyua za saiprasi; mwaka 2002 kidudu cha kutia vinundu kwenye majani kikaonekana kwenye mikaratusi ya huku kwetu. Mwaka ule ule wa 1990, mtaalamu wa Marekani Frank Santamour alipendekeza kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya miti ya spishi moja, 20 ya jenasi moja (kundi la spishi ndugu) na 30 ya familia moja (kundi la jenasi ndugu). Si amri ya Musa, lakini huwezi hata kuanza kuifuata kama hujui una miti mingapi.

Ningependa kuona siala na ober zaidi, miti ya huku huku. Hata hivyo simo katika kundi la wanaosema kila cha kigeni ni kibaya. Asili ya jakaranda ni Amerika Kusini, na Nakuru bila jakaranda ingekuwa mji mwingine. Mwarobaini wa Asia hustahimili joto la Kisumu bila manung'uniko. Ober nao upewe nafasi. Huo ni mti wa kutanua mabega, usichomekwe kwenye tundu la futi moja katikati ya kabro.

Mche wa barabarani hufa Januari. Mvua za vuli zimekwisha, za masika hazijaja, na udongo mweusi wa uwanda wa Kano unapasuka. Mche huo unahitaji maji kwa kiangazi kimoja, viwili, pengine vitatu, na hapo ndipo bajeti inapoishiwa pumzi. Kupanda ni mradi. Una bango na mgeni wa heshima. Kumwagilia ni matumizi ya kawaida, lori la maji na mshahara wa watu wawili, na hakuna anayealikwa kukata utepe wa lori la maji. Ingekuwa shauri langu, mwanakandarasi wa barabara angelipwa sehemu ya mwisho kwa miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Leo inatosha ionekane siku ya kukabidhi.

Yote haya yanahitaji sajili, na kuhesabu miti si maajabu. New York huhesabu miti yake ya barabarani kila baada ya miaka kumi. Mwaka 2015 ilipata miti 666,134, ikisaidiwa na wajitoleaji zaidi ya 2,000. Melbourne iliipa miti yake nambari na anwani za barua pepe ili watu waripoti tawi lililovunjika, watu wakaanza kuiandikia barua za mapenzi. (Kisumu tungeiomba mkopo.) Sisi tutosheke na kidogo: simu yenye GPS, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno wakati wa likizo, afisa wa misitu wa kuhakiki majina. Waandike mti uko wapi, ni wa aina gani, unene wake usawa wa kifua, afya yake, barabara ni ya nani, juu na chini kuna nini. Serikali tayari ina programu ya JazaMiti ya kusajili miti inayopandwa. Mikubwa nayo isajiliwe, kwa kuwa hiyo hainunuliki kwenye kitalu chochote.

Mimi ningeanzia mtaa wa Milimani, hapa Kisumu. Si kwa sababu ya wakazi wake, bali huko ndiko miti mizee imebaki, na huko ndiko wajenzi wa magorofa wanakotafuta viwanja. Kisha Kondele na Kibuye, ambako kazi itakuwa fupi na sajili itaonyesha wazi pa kupanda. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi wasikizwe. MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge hilo, akija na mwaliko wa kupanda miti, muulize maji ya Februari yameandikwa ukurasa gani.