Feni ya Bafuni Haina Kosa, Kagua Grili Yake

Mafundi wengi wa Pwani wameshatoa hukumu: feni ndogo za bafuni ni mapambo. Unaiwasha, inanguruma, kioo kinabaki na mvuke, na masika mawili yakipita pembe za dari zimeota ukungu mweusi. Dawa wanayoitoa ni kurudi kwenye matundu: matofali ya vent mawili matatu juu ya dirisha, wavu wa mbu kwa ndani, basi. Wachoraji ramani na wauza vifaa wanajibu kwamba nyumba ya siku hizi, yenye madirisha ya alumini ya kusukuma na dari ya jipsamu, haipumui bila feni. Kila upande una hoja, ila mshitakiwa aliyesimamishwa kizimbani siye. Feni nyingi zinazotukanwa zimekabwa na kitu cha bei ndogo kuliko zote kwenye kazi hiyo, kile kifuniko cha matundu kinachobandikwa nje ya ukuta, yaani grili ya hewa.

Matundu yanastahili heshima yake. Hayali umeme, hayaungui, hayasubiri mtu akumbuke kubonyeza swichi. Nyumba za mawe za Zanzibar, Mombasa na Lamu ziliishi na joto kwa dari ndefu, ua wa ndani na uwazi juu ya milango, na zilifaulu kwa sababu Kaskazi na Kusi zinavuma miezi mingi ya mwaka. Upepo wa mita 2 kwa sekunde unasukuma ukuta kwa paskali 2.4 hivi (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Ni kidogo, lakini tundu pana lenye tundu mwenzake upande wa pili wa chumba linatosheka nacho.

Tatizo la bafu ni kwamba mara nyingi lina ukuta mmoja tu wa nje, kwa hiyo upepo unafika mlangoni mwa tundu na kukosa pa kutokea. Kinachobaki ni hewa ya moto kupanda yenyewe. Tuseme baada ya kuoga maji ya moto hewa ya ndani imeizidi ya nje kwa nyuzi 4, na kati ya uwazi wa chini na wa juu kuna mita 2. Msukumo unaopatikana ni paskali 0.3. Uwazi wa sentimita za mraba 200 chini na 200 juu, ukishaondoa eneo linalozibwa na wavu, utapitisha kama mita za ujazo 22 kwa saa. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka feni ya bafu itoe lita 15 kwa sekunde, ambazo ni mita za ujazo 54 kwa saa. Kiwango cha Marekani ni futi za ujazo 50 kwa dakika, sawa na 85 kwa saa. Wakati wa tangambili, pepo zinapobadilishana zamu, matundu hayapati msaada wowote wa nje.

Hapa wapenzi wa matundu wana jibu zuri, nalo ni la kweli: nyumba nyingi za Dar watu wanaoga maji ya bombani bila kuyapasha. Mvuke ni mdogo, na dirisha la luva likiwa wazi kutwa, feni haina kazi kubwa ya kufanya. Bafu la namna hiyo liachiwe matundu yake. Mabishano yanahusu bafu lenye hita ya kuoga, choo cha ndani kisicho na dirisha la maana, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani mita moja na nusu mbele.

Sasa feni yenyewe. Ya inchi 4, ile ya mapanga inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, huandikwa kwenye boksi mita za ujazo 80 hadi 100 kwa saa. Chukua 90. Bafu la mita 1.5 kwa 2.4, dari mita 2.7, lina mita za ujazo zisizofika 10, maana yake hewa yote ingebadilishwa kila dakika 6 na nusu hivi. Inatumia wati 15 hadi 20. Ukiiwasha saa nzima kila siku kwa mwaka unamaliza uniti 7.3, na tukichukulia shilingi 350 za Tanzania kwa uniti moja, haifiki 2,600 kwa mwaka. Hoja ya bili ya umeme tuiweke pembeni.

Ila ile 90 ya boksi imepimwa feni ikiwa peke yake, bila bomba, bila grili, bila wavu. Nguvu ya kusukuma ya feni ya mapanga ya ukubwa huo ni paskali 30 hivi, na hizo 30 inazitoa pale tu hewa inapokuwa imesimama kabisa. Kadiri upinzani unavyoongezeka, ndivyo hewa inavyopungua. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni moja: hewa inatokea wapi?

Tundu la inchi 4 lina uwazi wa sentimita za mraba 78. Fundi akishaweka feni, anapachika nje grili ya plastiki inayokaa sawasawa juu ya tundu. Vibao vyake vya kukinga mvua vinaziba nusu, zimebaki 39. Nyuma yake anabandika wavu wa mbu. Wavu wa kawaida wa matundu 16 kwa inchi, wenye uzi wa robo milimita na kidogo, unaacha wazi theluthi mbili, zimebaki 26. Feni iliyonunuliwa kupumua kwa 78 inapumua kwa 26, theluthi ya mdomo wake.

Na upinzani wa hewa haupandi kwa hesabu ya kawaida. Ukipunguza uwazi ukabaki nusu, upinzani kwa hewa ileile unapanda mara nne. Ukibaki theluthi, unapanda mara tisa. Kupitisha mita za ujazo 90 kwa saa kwenye sentimita za mraba 26 kungehitaji paskali 150 hivi, na feni yetu ina 30. Ukizipanga nguvu za feni na upinzani wa grili pamoja, zinakutana kwenye mita za ujazo 32 kwa saa. Fundi anayesema feni haina tofauti kubwa na tundu anasema alichokiona: 32 dhidi ya 22, na feni ina kelele juu yake. Baada ya miezi sita ya vumbi lililoshikana na unyevu kwenye wavu, hata hiyo 32 haipo.

Badilisha kitu kimoja tu. Grili iwe ya sentimita 20 kwa 20, vibao vilevile, wavu uleule. Sentimita za mraba 400, toa nusu kwa vibao, toa theluthi ya kilichobaki kwa wavu, unabakiwa na 133. Feni ileile sasa inatoa mita za ujazo 77 kwa saa. Hakuna mota mpya wala bomba jipya. Tofauti ya bei ni soda mbili tatu. Ndiyo maana inakera kusikia mtu amepandisha feni kutoka inchi 4 hadi 6 na kuacha grili ya zamani mahali pake.

Tahadhari moja inasahauliwa hata na wanaojua: grili kubwa iliyolala bapa juu ya tundu dogo haisaidii kitu, kwa sababu hewa inatoka kwenye vile vibao vinavyotazama tundu tu na vingine vyote vinabaki vya urembo. Lazima kuwe na nafasi nyuma yake. Kwenye tofali la inchi 6, chonga upande wa nje shimo la 20 kwa 20, kina cha sentimita 8 hadi 10, bomba liishie humo, pembe zipigwe lipu zikiwa zimelala kama faneli, na sakafu ya shimo iinamie nje ili maji ya mvua yatoke. Grili ifungwe kwa skrubu za stenlesi. Za chuma cha kawaida, chumvi ya bahari inazila haraka na siku ya kusafisha hazifunguki. Kwa bomba la inchi 6, lenye uwazi wa sentimita za mraba 177, hesabu hiyohiyo inakupeleka kwenye grili ya 30 kwa 30.

Wapo watakaosema toa wavu, mambo yaishe. Kwa Pwani yenye malaria si shauri la kutoa, kwani uwazi wa juu ya ukuta ni njia inayojulikana ya mbu wa usiku. Wavu ubaki, lakini ukae kwenye uso mpana wa grili, kwenye fremu inayochomoka. Ukikaa kwenye koo la bomba umeuweka mahali pabaya kuliko pote. Vile vibao vyepesi vinavyojifungua feni ikiwaka ni vizuri kwa kuzuia mende na upepo wa kurudi, ila fundi rangi akivipaka rangi mara moja vinagandana, na feni inabaki kuzungusha hewa yake yenyewe.

Hewa inayotoka inahitaji nyingine iingie. Mlango wa sentimita 70 wenye mwanya wa sentimita 1 chini unatoa uwazi wa sentimita za mraba 70, nao ndio wa chini kabisa kwa feni ya inchi 4. Uingereza wanataka 76. Mlango wa mbao uliovimba na kusugua vigae unaifungia feni kwa nyuma kama grili inavyoifungia kwa mbele. Hewa ikikosa mlango itatafuta njia nyingine. Mtego wa maji wa sakafuni, yaani ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, ukiwa umejaa, paskali 30 haziuwezi, kwani kina cha maji cha sentimita 5 tu kinahimili 500. Ukiwa umekauka, kama kwenye choo cha wageni kisichotumika, feni itakuvutia harufu ya shimo, na lawama itaiangukia tena feni.

Kosa jingine kubwa ni feni ya darini inayopulizia mvuke humohumo juu ya jipsamu. Usiku bati linapoa, mvuke unageuka matone, matone yanarudi kwenye bodi, na madoa ya njano yanaanza kuchora ramani. Bomba litoke nje ya nyumba, lisizidi mita mbili tatu kwa feni ya mapanga, kona moja tu, liwe la PVC laini. Lile la alumini lenye mikunjo, likiachwa bila kuvutwa likanyooka, linakula nguvu mara mbili na zaidi. Njia ikilazimika kuwa ndefu, nunua feni ya aina ya kikapu, ile ambayo mapanga yake yamepangwa duara kama kikapu, inayosukuma paskali 100 na kuendelea, na ukubali bei yake.

Kwa pwani yetu kuna jambo la mwelekeo pia. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki na Kusi kusini-mashariki. Zote mbili zinapiga upande wa baharini. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unasukuma ukuta kwa paskali 15, nusu ya nguvu yote ya feni ya inchi 4. Tundu la kutolea hewa likiwa ukuta wa magharibi, upepo huohuo unalivuta badala ya kulisukuma. Ramani nyingi zinapanga bafu bila kuliuliza hilo.

Upande wa matundu unanishinda mahali pawili, na sioni sababu ya kuficha. Kwanza, nyumba yenye kiyoyozi: kila mita ya ujazo inayotolewa inaleta nyingine ya nje, na mwezi Machi hewa ya nje ya Dar imejaa maji. Feni ikiachwa ikizunguka usiku kucha, unyevu huo unaenda kuota jasho kwenye ukuta wa chumba uliopoa. Hapo feni iwe na taima ya dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga, mlango wa bafu ufungwe, na mwanya wa hewa uangalie korido badala ya chumba cha kiyoyozi.

Pili ni jikoni kwenye mtungi wa gesi. Kwa moshi na mafuta, feni inashinda bila ubishi, na mahali pake ni muhimu kuliko ukubwa wake: Uingereza wanakubali lita 30 kwa sekunde feni ikiwa juu ya jiko, na wanadai 60 ikiwa kwingine jikoni. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propeni mara 1.5 na buteni mara 2. Ikivuja inalala sakafuni, na feni ya juu ya ukuta haiioni. Tundu la kudumu usawa wa sakafu, lisilozibwa na kabati, ni la lazima hata kwenye jiko lenye feni ya gharama, na siku harufu ya gesi ikisikika hiyo feni isiguswe, maana swichi yake inatoa cheche.

Kujua feni yako iko wapi kati ya 32 na 77 hakuhitaji kifaa. Kipande cha tishu kinachonata kwenye feni kinathibitisha tu kwamba inavuta. Hata feni iliyokabwa inashika tishu. Chukua mfuko wa taka wa lita 100, ukamue hewa yote, mdomo wake uufunge kwa fremu ya waya inayoizunguka grili ya nje, mtu wa ndani awashe feni, hesabu. Mfuko ukijaa ndani ya sekunde 5, grili iko sawa. Ukichukua 11, chomoa wavu upime tena, kisha fungua grili yenyewe upime mara ya tatu, kabla hujaenda dukani kununua feni nyingine.