Besi Waliobaki Kaliua

Kwaya ya mama ilikuwa na besi wanne: watatu walioimba, na mimi.

Mimi niliingizwa kwa sababu ya urefu. Mama hakupenda mstari wa nyuma uwe na pengo, eti kwaya yenye pengo inafanana na kinywa cha mtoto wa darasa la pili. Nilipofika kidato cha tatu nikawa nimewapita wote pale nyumbani, akanishonea shati la kitenge kama la wenzangu, akanisimamisha ukutani na kunipa mafunzo yote ya muziki aliyokusudia kunipa: "Baba, mdomo fungua, koo funga."

Tulikuwa tunakaa Mwanga, Kigoma mjini. Asubuhi mama yuko Kibirizi anaanika dagaa, jioni ni mwalimu wa kwaya. Lakini nikisema jioni nadanganya, maana alikuwa mwalimu wa kwaya kutwa kucha. Akisonga ugali, mwiko unapiga mapigo manne. Akitugombeza anaanzia chini, anapanda taratibu, na sisi watoto tulijua akifika "soo" kuna mtu atachapwa. Nyumbani ni Mama, ila ukishavuka kizingiti cha kanisa ni Mwalimu, na ole wako uchanganye. Siku moja nilimwita "Mama" katikati ya mazoezi. Akasimamisha wimbo, akaangaza huku na huku: "Jamani, kuna mtoto kapotea humu?"

Sauti yangu aliiita honi ya Liemba. Liemba ni meli yetu ya ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaja kuopolewa mwaka 1924, na ikaendelea kufanya kazi miaka na miaka. "Meli walikuwa na haja ya kuiopoa," mama alikuwa akisema. "Hiyo yako iache hukohuko chini."

Wale besi watatu wa kweli walikuwa wavuvi. Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni. Kwa hiyo ziara zetu zote zilikuwa za mbalamwezi. Mchungaji akitaja tarehe, mama kwanza anatoka nje kuangalia juu, ndipo anajibu.

Ndivyo ilivyopangwa ziara ya Tabora. Mama alitunga wimbo maalumu. Sauti ya kwanza wanaimba kwamba mlango unabishwa usiku, ya pili na ya tatu wanaitikia, halafu kwaya nzima inanyamaza. Moja, mbili. Ndipo besi peke yao wanauliza: "Nani?" Inakuja hivyo mara tatu, na baada ya ile ya tatu wote wanalipuka: "Ni Bwana, fungua!" Wimbo wote ulikuwa umeegemea neno hilo moja la besi. Ukiliondoa, inabaki habari ya watu waliobishiwa hodi wakakaa kimya.

Treni iliondoka Jumamosi jioni. Tulikuwa na ndoo mbili za migebuka ya kukaanga, dumu la mawese la kuwapelekea wenyeji, ngoma, na begi la sare za besi, ambalo nilikabidhiwa mimi kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Watu waliimba mpaka Uvinza, wakaimba mpaka Nguruka. Pale Nguruka wakanunua samaki dirishani, watu waliotoka ziwani jioni ileile! Mbele kidogo koo zikaanza kukwaruza, mama akatoa tamko: "Kaliua kuna asali nzuri. Mtu ashuke achukue ya kulamba."

Alisema mtu. Besi walisikia watu.

Kaliua tulifika karibu alfajiri. Wakashuka wote watatu, mkubwa wao akiwa na msuli na kandambili kama alivyokuwa amelala. Mimi niko dirishani nawaona kwa mwanga wa tochi ya muuzaji. Wanachovya kijiti kwenye chupa, wanalamba, wanatazamana, wanatikisa kichwa, wanahamia kwa muuzaji mwingine. Yule wa msuli akawa amechuchumaa kabisa anapunguziwa bei. Treni ikapiga honi. Hakuna aliyegeuka. Behewa likastuka, nikaona niwaite, nikafungua koo kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Nyuma yangu mama akaguna usingizini: "Mbona imepiga honi mara mbili?"

Tabora walitupokea saa mbili asubuhi na chai ya nguvu chini ya mwembe. Mama hakunywa. Alihesabu kwaya mara tatu, kama anahesabu mafungu ya dagaa aliyoibiwa. Akawajaribu wawili wa sauti ya tatu washuke chini wachukue besi. Mmoja alishuka akaishia kikohozi, mwingine hakufika. Ndipo mama akanigeukia. Akaniita "baba", tena mlangoni mwa kanisa, nikajua mambo yameharibika.

"Usiimbe," akasema. "Uliza tu. Kama mtu aliye ndani, kasikia hodi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Polepole."

Kanisa lilikuwa limejaa. Sauti ya kwanza wakaanza vizuri, ya pili na ya tatu wakapokea, kimya kikaingia. Moja, mbili.

"Nani?"

Nasema ukweli, sikukusudia itoke vile. Watoto waliokaa mkekani mbele walirudi nyuma kwa pamoja, kama maji. Kope ya jicho la kushoto ya mama ikacheza. Ubeti wa pili ukafika, nikauliza tena, na safari hii mpiga kinanda akabonyeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye wimbo.

Kabla ya ile ya tatu, mama akaninyooshea mkono na kubana vidole viwili pamoja. Wanakwaya wote wanajua ishara hiyo: punguza. Lakini mimi ishara za mama sikuwahi kujifunza, hazikunihusu. Nikaelewa kwamba anataka nikaze.

"NANI?"

Kutoka mlangoni, nyuma kabisa ya kanisa, ikajibu sauti nene yenye vumbi: "Ni sisi, Mwalimu."

Watu mia kadhaa wakageuza shingo. Walikuwa wamesimama watatu, weusi kwa vumbi, wamepata lifti ya lori la tumbaku na harufu yake imewatangulia ndani. Wa katikati ana msuli, kandambili, na dumu la asali kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

Sasa hapa ndipo utamjua mama yangu. Mwingine angesimamisha wimbo. Yeye hakupepesa macho. Akageuka na mikono yake ileile, akawaonyesha wale watatu kana kwamba walikuwemo tangu mwanzo, akawavuta. "Ni Bwana, fungua!" Kwaya ikalipuka, na wao wakalipuka hukohuko mlangoni, wakaanza kuja katikati ya viti wakiimba, kandambili zinapiga pa, pa, pa, tena kwenye mapigo. Kanisa likapasuka kwa vigelegele. Mzee mmoja wa pale akasimama kutushukuru, akasema hajawahi kuona igizo lililopangwa vizuri namna ile, na akaomba lirudiwe. Tukalirudia. Wakatoka nje tena, wakabisha tena, ila mara hii mama alituma mtu kwanza akaangalie fundo la msuli.

Baada ya ibada walijipanga mbele yake chini ya mwembe, wamebeba maelezo. Mama hakuuliza habari ya treni wala ya lori.

"Asali iko wapi?"

Dumu lilikuwa limebaki robo. "Njia ilikuwa ndefu, Mwalimu," akasema yule wa msuli.

Tangu hapo wimbo ule haukuimbwa kwa namna nyingine. Kila tulikoalikwa walitaka "wale wa mlangoni", na mimi nikapata cheo: koo lilifunguliwa rasmi, neno moja, mara tatu.

Siku hizi mama amewaachia wengine kwaya, magoti yamekataa kusimama. Mwezi uliopita nilifika nyumbani usiku, nikabisha hodi. Kikapita kimya. Moja, mbili. Halafu kutoka chumbani ikaja honi nzima ya Liemba: "NANI?"

"Ni sisi, Mwalimu," nikajibu, ingawa nilikuwa peke yangu.

"Asali iko wapi?"

Nilikuwa nimekuja na mkate.