Wewe Ulikuwa Wapi Usiku Ule?

Juzi tumekaa Mkunguni, uwanja wetu hapa mjini Lamu, kahawa imeshapoa, akatokea kijana wa chuo anayeandika tasnifu yake kuhusu mauaji ya Mpeketoni, mji wa huko bara uliovamiwa na watu wenye bunduki mwaka 2014. Akaweka simu katikati yetu irekodi, akauliza swali moja tu: ni nani walioua? Wallahi baraza zima lilikuwa na jibu. Wa kwanza Al-Shabaab. Wa pili siasa. Wa tatu ardhi, akaanzia na skimu ya serikali ya kugawa ardhi miaka ya sabini tukadhani hatafika 2014. Wa nne akataja mtu kabisa, jina na ukoo. Saa nzima kijana anarekodi, akashukuru, akashika njia. Hakumwuliza hata mmoja wetu: mzee wangu, wewe ulikuwa wapi usiku ule?

Basi nitasema mimi. Jumapili ile ya Juni 15, 2014 tulikuwa hapa hapa kisiwani, macho kwenye Kombe la Dunia. Kufika Mpeketoni ni boti mpaka Mokowe, kisha gari, na barabara ya wakati ule mnaikumbuka ilivyokuwa. Hakuna aliyesikia risasi hata moja. Nami simo nje ya lawama: miaka yote hii nakisimulia kisa kile kama niliyekuwa juu ya mwembe nikitazama.

Lakini hilo la nani alikuwepo, mtu yeyote atalikubali akibanwa. Linaloniwasha ni jingine: hayo unayoyasema, uliyasema lini kwa mara ya kwanza?

Al-Shabaab walijitangaza Juni 16. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akatokea kwenye runinga akasema si wao, ni mitandao ya kisiasa ya wenyeji. Sasa chukua daftari upige mstari hapo. Aliyehojiwa Jumatatu asubuhi, moshi bado unafuka, alikuwa na alichokiona na hofu yake, basi. Aliyehojiwa Jumatano alikuwa ameshasikia jibu la wauaji na jibu la Ikulu, na anajua anayemhoji anataka lipi. Simwiti mwongo. Nimewaona watu wakweli kabisa, walioanza na "watu wenye bunduki", baada ya wiki watu hao wana kabila, baada ya mwaka wana chama, na leo wana sura anayoijua msimulizi tangu utotoni. Mwenyewe ataapa, na kiapo chake ni cha kweli. Halafu aje mtafiti aweke maneno ya Jumatatu na ya mwaka juzi kwenye aya moja, "mashahidi wanasema". Mashahidi wepi, bwana? Wa lini?

Na msinijazie magazeti. Magazeti kumi yaliyonukuu taarifa moja ni taarifa moja iliyochapwa mara kumi. Muuaji anayejisifu ana biashara yake, kutisha. Serikali nayo ilikuwa na yake, kwani kukiri ni Al-Shabaab ni kukiri kuwa walinzi walilala, watu zaidi ya 60 wakauawa katika siku chache.

Haya, nakubali kwa shingo upande: huenda Ikulu walikuwa na habari ambazo sisi wauza samaki hatupewi. Basi zingefika mahakamani. Gavana Timamy wa Lamu alikamatwa Juni ileile kwa tuhuma za mauaji hayo, na mashtaka yakaja kuondolewa. Na huo ubishi wa wageni au wenyeji nao haufiki mbali, maana Jeshi Ayman, tawi la Al-Shabaab la msitu wa Boni, lilikuwa na Wakenya tele.

Kilichonifanya niandike, lakini, ni fundi cherehani mmoja wa Mpeketoni ambaye huwa ananishonea. Usiku ule alilala chini ya meza ya cherehani mpaka kulipotulia. Yule kijana nilimwelekeza kwake mimi mwenyewe, nikamwambia huyu ndiye. Akaenda. Jioni nikampigia fundi.

"Alikaa dakika tano," akasema. "Aliniuliza walikuwa wangapi, nikamwambia sijui. Waliongea lugha gani, nikamwambia masikio yalikuwa yanalia kwa risasi. Mimi sikuona watu, niliona miguu. Akafunga kitabu, akaniambia asante mzee."

Saa nzima kwetu sisi tuliokuwa tunaangalia mpira. Dakika tano kwake.

Nikamwuliza, miguu ya namna gani? Akakaa kimya kidogo, nikasikia cherehani imesimama.

"Buti. Na mmoja alikuwa na ndara, hizi za kawaida. Alipita, akarudi, akasimama mlangoni, akapita tena."

Na kabla? Na baada?

"Baada sijui. Nilifumba macho."

Mara ya kwanza kunisimulia ilikuwa mwaka uleule wa 2014, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni mwake. Ilikuwa buti, na ndara, na macho kufumba.