Mnara ukichagua wa kuhudumia, Kadutu inapata nini?

Mnara wa simu wenye antena nyingi unaweza kutumia masafa yaleyale kuwapelekea data watu kadhaa kwa pamoja, mradi mawimbi yao yasigongane. Ndiyo maana huchagua. Katika 4G, kila milisekunde (sehemu moja ya elfu ya sekunde) programu yake huamua simu zipi zihudumiwe na zipi zisubiri.

Wanaoutetea uchaguzi huu wana hoja nzito. Ukitafuta kundi bora la simu 4 kati ya 20, kuna makundi 4,845 ya kupima, na milisekunde moja haitoshi. Mwaka 2006 watafiti Taesang Yoo na Andrea Goldsmith walionyesha njia nyepesi: anza na simu yenye mawimbi mazuri, ongeza ile ambayo njia inayopitwa na mawimbi yake haifanani na ya kwanza, endelea hivyo. Watumiaji wakiwa wengi sana, kasi ya jumla hukaribia upeo wa kinadharia. Msongamano wenyewe unakuwa faida, kwa sababu katika umati hawakosekani wasiogongana.

Hilo nalikubali, ila Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), inanitia wasiwasi. Kule Kadutu, sehemu mojawapo ya mji huo, nyumba zimebanana mtelemkoni, na mnara ulio kilima cha pili unaziona karibu zote upande mmoja. Muuza vitenge na jirani yake wa meza ya pili wanafikiwa kwa njia zinazofanana mno. Kuwatenganisha kunakula nguvu nyingi za mnara. Basi hesabu inamchukua mmoja na kurukia mtu wa Ibanda, sehemu nyingine ya mji. Walio bondeni hupata mawimbi yaliyodunda kwenye kuta na vilima. Njia zao zinatofautiana zaidi, lakini ni dhaifu, kwa hiyo nao wanaachwa. Na wote wamelipia mega kwa bei moja!

Dawa ipo, na wahandisi wanaijua: kasi ambayo simu ingepata sasa inagawanywa kwa wastani ambao imekuwa ikipata, ili aliyenyimwa kwa muda mrefu apande mbele. Kasi ya jumla itashuka kidogo. Tena mnara unahitaji taarifa za mawimbi ya kila simu, na taarifa hizo huchakaa upesi mtu akiwa juu ya pikipiki. Kwangu hasara hiyo inastahili kubebwa. Mama anayesubiri ujumbe wa pesa aliyotumiwa hasaidiwi na kasi ya jumla ya mnara.

Kwa hiyo ARPTC, inayosimamia mawasiliano nchini, isiridhike na wastani wa mji mzima. Ipime kasi wanayopata asilimia 5 ya watumiaji walio chini kabisa, mtaa kwa mtaa, na itangaze matokeo.